Hamburg, mji wa wafanyabiashara kwenye mto Elbe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayesoma historia ya Hamburg, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, akiwa Unguja, Tanga au Dar es Salaam hachelewi kukutana na vitu anavyovijua: kauri (makombe madogo ya baharini), karafuu, mkonge, Bibi Salme. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayorudi zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili wanaotaka kuujua mji huu. Utaona neno ushuru likijitokeza kila mara. Ukitaka kuielewa Hamburg, katika karne yoyote ile, anza kwa kuuliza nani alikuwa analipa ushuru, nani alikuwa amesamehewa, na gharama zilizobaki zilimwangukia nani.

Hamburg iko baharini au mtoni?

Mtoni. Kutoka gati zake hadi Bahari ya Kaskazini, pale Cuxhaven, ni kilomita 100 na ushei. Mto Elbe unaanzia kwenye milima ya Ucheki na una urefu wa takriban kilomita 1,100, na karibu na mdomo wake umepanuka kiasi cha kupitisha meli kubwa. Maji ya bahari yanafika mpaka mjini: yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, tofauti ya zaidi ya mita tatu, kama Mombasa. Manahodha wa zamani walipanda mto maji yakijaa na kushuka yakipwa, na hata leo meli nzito za makontena hupangiwa saa ya kuingia kwa kufuata maji.

Kukaa mbali na bahari kulikuwa na faida mbili. Adui wa majini hakuweza kuvamia kwa ghafla, na bidhaa zilizoshushwa hapo ziliendelea kwa mashua ndogo mpaka ndani kabisa ya Ulaya ya kati. Hasara ni tope. Mto unajaza mchanga bila kupumzika, na njia ya meli imeongezwa kina mara tisa tangu karne ya 19. Wavuvi na watu wa mazingira walilalamika, na kazi ikaendelea.

Mji ulianza lini?

Katika karne ya 9 palikuwa na boma dogo la udongo na magogo lililoitwa Hammaburg, mahali ambapo mto Alster unaingia Elbe. Mmisionari Ansgar aliwekwa hapo kuwa askofu, kazi yake ikiwa kupeleka Ukristo kwa watu wa Skandinavia. Mwaka 845 watu hao hao wakaja kwa merikebu zao na kulichoma boma. Ansgar akakimbilia Bremen, na uaskofu ukahamia huko.

Kwa karne tatu zilizofuata hapakuwa na kikubwa cha kusimulia. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 12, pale mtawala wa eneo hilo, Adolf wa Tatu wa Schauenburg, alipoanzisha mtaa mpya wa wafanyabiashara kando ya Alster, wenye gati lake. Mtaa wa kanisa na mtaa wa biashara ukawa mji mmoja baadaye, na wa biashara ndio uliotawala.

Ni kweli kwamba hati ya bandari ya mwaka 1189 ni ya kughushi?

Kweli. Wenyeji wanasema Kaisari Frederick Barbarossa aliwapa, tarehe 7 Mei 1189, haki ya kusafirisha bidhaa zao kutoka mjini hadi baharini bila kulipa ushuru. Kila mwaka mwezi Mei wanafanya sherehe kubwa ya siku ya kuzaliwa kwa bandari, meli zikipiga honi mtoni na watu wakijaa gatini. Lakini karatasi iliyohifadhiwa iliandikwa karibu mwaka 1265, miaka zaidi ya sabini baada ya Barbarossa kufariki.

Huenda Kaisari alitoa ahadi kwa mdomo kabla ya kuondoka kwenda Vita vya Msalaba, ambako alifia njiani. Vyovyote iwavyo, wenye mji walipohitaji ushahidi dhidi ya majirani waliowadai ushuru mtoni, walijitengenezea. Hawaoni haya kulisema hilo leo, na sherehe iko pale pale.

Hansa ilikuwa nini?

Ilikuwa jumuiya ya wafanyabiashara, na baadaye ya miji yao, iliyoshika biashara ya Bahari ya Baltiki na ya Kaskazini kati ya karne ya 13 na ya 17. Haikuwa na mfalme wala jeshi la kudumu. Nguvu yake ilikuwa kukubaliana: mtawala akiwabughudhi, wote wanaacha kumpelekea nafaka na chumvi mpaka alegee.

Mkubwa wa Hansa alikuwa Lübeck, si Hamburg. Miji hiyo miwili iko karibu, mmoja upande wa Baltiki na mwingine upande wa Bahari ya Kaskazini, na mwaka 1241 iliweka mkataba wa kulinda barabara iliyo kati yao. Kwa barabara hiyo bidhaa ziliepuka safari ndefu na ya hatari ya kuizunguka Denmark. Samaki wa chumvi, nta, manyoya na nafaka vilitoka mashariki. Vitambaa vilitoka magharibi. Bidhaa yao wenyewe watu wa Hamburg ilikuwa bia. Katika karne ya 14 mji ulikuwa na mamia ya watengenezaji bia, na mapipa yao yalikwenda mpaka Uholanzi.

Hansa ilikufa polepole bila mtu kuifunga rasmi, ila jina halikufa. Mpaka leo jina kamili la mji ni Mji Huru wa Hansa wa Hamburg, na magari yake yana herufi HH kwenye namba.

Na yule haramia aliyetembea bila kichwa?

Klaus Störtebeker, aliyeteka meli za Hansa, alikatwa kichwa pamoja na watu wake kwenye nyasi za Grasbrook, ukingoni mwa Elbe, karibu mwaka 1401. Hadithi inasema aliomba kwamba wenzake atakaowapita akiwa hana kichwa waachiwe, naye akawapita kumi na mmoja. Vichwa vya maharamia vilipigiliwa misumari kwenye magogo kando ya mto ili kila nahodha avione. Hilo la misumari lina ushahidi, maana mafuvu ya namna hiyo yamechimbuliwa. La kutembea waachie watoto.

Hamburg ilitawaliwa na mfalme gani?

Hakuna. Wafalme wa Denmark walidai kwa muda mrefu kwamba mji ni wao, na ni mwaka 1768 tu walipokubali kuachana na dai hilo. Waliokuwa wakiuendesha ni Seneti, yaani familia za wafanyabiashara na mawakili. Hata leo Hamburg ni mji na papo hapo ni jimbo kamili katika majimbo 16 ya Ujerumani, sawa na Berlin na Bremen.

Utawala wa wafanyabiashara ulikuwa na mazuri yake. Soko la hisa lilianza mwaka 1558, miongoni mwa ya kwanza Ujerumani. Wayahudi waliofukuzwa Ureno, Waprotestanti waliokimbia Uholanzi na wafanyabiashara wa Kiingereza walipokelewa, kwa sababu walikuja na mitaji na mawasiliano. Mwaka 1619 walianzisha benki kwa mfano wa ile ya Amsterdam. Wakati huo huo walijenga ngome nene kuuzunguka mji, kazi iliyokamilika mapema kiasi kwamba Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoiteketeza sehemu kubwa ya Ujerumani tangu 1618, havikuingia ndani. Pande zote za vita zilinunua silaha na kukopa fedha humo.

Ubaya wa utawala huo utauona kwenye swali la kipindupindu.

Napoleon alifanya nini Hamburg?

Aliikaba koo. Majeshi yake yaliingia mwaka 1806 na kupiga marufuku biashara na Uingereza, jambo lililomaanisha kuua bandari. Mwaka 1811 mji ulifanywa sehemu ya Ufaransa. Adui walipoukaribia mwishoni mwa 1813, Marshali Davout aliamuru kila familia iwe na akiba ya chakula ya miezi kadhaa. Walioshindwa kuwa nayo walitolewa nje ya malango wakati wa Krismasi, katika baridi kali. Zaidi ya elfu moja kati yao walikufa na kuzikwa upande wa Altona, mji wa jirani uliokuwa chini ya Denmark.

Kwa nini majengo ya kale ni machache?

Kwanza moto. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 1842 moto ulianza katika mtaa wa Deichstraße, nyumba za mbao, upepo mkali, mifereji imepungua maji. Uliwaka siku tatu. Watu 51 walikufa na karibu 20,000 wakabaki bila makazi. Wakuu walisitasita kulipua nyumba ili kuukatia moto njia, na mwishowe wakalipua hata jumba lao la halmashauri. Jengo jipya la soko la hisa, lililokuwa limefunguliwa miezi michache tu kabla, lilipona. Wenyeji waliliona hilo kama ishara. Mwingine angesema watu waliligombania kuliko majengo mengine.

Mhandisi Mwingereza William Lindley alipewa kazi ya kupanga upya sehemu iliyoungua. Alitengeneza mitaa mipana, mabomba ya maji na mfumo wa maji taka chini ya ardhi, miongoni mwa ya kwanza Ulaya bara. Ila hakupewa fedha za kuchuja maji. Kumbuka hilo.

Sababu ya pili ni mabomu ya 1943. Ya tatu ni wenyeji wenyewe, ambao hawajawahi kusita kubomoa jengo la kale likiwa linazuia biashara. Kanisa kuu la zama za kati, kwa mfano, lilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19 na mawe yake yakauzwa.

Wafanyabiashara wa Hamburg walifikaje Zanzibar?

Kwa kufuata kauri. Katikati ya karne ya 19 kauri zilikuwa fedha halali kwa watu wa Afrika Magharibi, hasa pande za Lagos na Ouidah. Zamani zilitoka Maldivi, ndogo na ghali. Wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba mwambao wa Afrika Mashariki una kauri za aina nyingine, kubwa zaidi na za bei ya chini. Wakawa wanazinunua Zanzibar kwa majahazi mazima, wanazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wanazibadilisha Afrika Magharibi kwa mafuta ya mawese, na mawese yanakwenda Hamburg kutengenezwa sabuni na mishumaa. Ule mzunguko ulitajirisha watu haraka sana. Waliopata hasara ni waliopokea kauri: zilimwagwa nyingi mno, thamani yake ikaporomoka, na mtu aliyejiwekea akiba akajikuta na kapu la makombe.

Kampuni ya O'Swald ilifungua ofisi Zanzibar mwaka 1849, na kampuni ya Hansing ikafuata. Mwaka 1859 miji mitatu ya Hansa, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, iliweka mkataba wa biashara na Sultan Majid bin Said. Ujerumani kama nchi moja ilikuwa bado haijazaliwa. Kauri zilipokosa faida, meli zilibeba karafuu, ngozi, sandarusi ya kutengenezea vanishi, na pembe za ndovu, ambazo Ulaya ziligeuzwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Upande wa kuja zilileta nguo, bunduki na baruti.

Bibi Salme aliishi Hamburg kweli?

Aliishi, na amezikwa huko. Salme binti wa Sultan Said bin Sultan alizaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika; yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Maarifa hayo yalimponza, kwani ndugu yake Barghash alipopanga kumpindua Majid mwaka 1859, aliyemwandikia barua ni Salme.

Rudolph Heinrich Ruete alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg, jirani yake mjini Unguja. Salme alipokuwa mjamzito, mwaka 1866, alitoroshwa kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily, wakaoana mwaka 1867 na kwenda Hamburg. Miaka mitatu baadaye Ruete aligongwa na gari la abiria la kukokotwa na farasi, akafa. Mjane akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, akifundisha Kiarabu ili kupata riziki. Kumbukumbu za maisha yake, alizoziandika kwa Kijerumani, zilichapishwa mwaka 1886.

Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alimtumia. Mwaka 1885 alipelekwa Zanzibar na meli za kivita za Kijerumani, dai lake la urithi likiwa kisingizio cha kumbana Barghash, aliyekuwa sasa Sultan. Wajerumani walipopata walichotaka, dai lake waliliacha kando. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Inasimuliwa kwamba mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja uliwekwa kaburini pamoja naye.

Hamburg iliwahi kuupa uwanja mdogo jina lake, kisha ikaliondoa, kwa sababu ndani ya kumbukumbu zake aliutetea utumwa na kuwasema vibaya Waafrika. Wazanzibari wengine hawakufurahi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja: aliyoyaandika kuhusu watumwa yapo na hayafichiki, na aliyotendewa na wanaume wa serikali mbili yapo pia.

Wafanyabiashara wa Hamburg ndio walioleta ukoloni Tanganyika?

Si wao walioanza. Carl Peters, Mjerumani aliyewatia saini machifu wa bara mikataba ya 1884, hakutumwa na nyumba za biashara za Hamburg. O'Swald na Hansing walikuwa wanaelewana na Sultan na waliogopa kwamba bendera ingeharibu biashara. Usiwasafishe kwa hilo, lakini. Ukoloni ulipofika waliuvuna. Mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie iliundwa Hamburg kwa ruzuku ya serikali, ikawa inapeleka barua, maafisa, askari na mizigo hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Tajiri Adolph Woermann, aliyeshika usukani wa kampuni hiyo, alitajirika pia kwa kusafirisha majeshi ya kuwaua Waherero kusini-magharibi mwa Afrika.

Vitu viwili vilivyopita Hamburg bado viko Tanzania. Miche ya kwanza ya mkonge ilitoka Florida kupitia Hamburg mwaka 1893. Kati ya miche elfu moja iliyotumwa, 62 ndiyo iliyopona ikapandwa pande za Pangani, na mashamba yote ya mkonge ya Tanga yakatokana nayo. Na meli ya Ziwa Tanganyika, MV Liemba, iliyoitwa Graf Goetzen hapo awali, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku na kupakiwa Hamburg kwenda Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalikwenda kwa reli, na sehemu ya mwisho kabla ya Kigoma kwa vichwa na mabega ya wapagazi.

Yale maghala mekundu ya matofali ni ya lini?

Yanaitwa Speicherstadt, na chanzo chake, usishangae, ni ushuru. Ujerumani ilipoungana mwaka 1871, Hamburg ilikubali kuingia kwenye dola lakini ikakataa kuingia kwenye eneo moja la forodha. Bismarck aliibana mpaka wakaafikiana: mji wote utalipa ushuru kama wengine, isipokuwa sehemu moja iliyozungushiwa uzio, ambako bidhaa zitakaa, kuchambuliwa na kuuzwa tena nje bila ushuru. Ili kupata nafasi, mitaa ya Kehrwieder na Wandrahm ilibomolewa. Karibu watu 20,000 walihamishwa, wengi wao makuli wa bandarini waliohitaji kukaa karibu na kazi. Hakuna aliyewajengea kwingine. Kaisari Wilhelm wa Pili alikuja kufungua mwaka 1888.

Inafaa kuangalia ghala moja kwa karibu. Lina nyuso mbili: upande mmoja barabara, upande mwingine mfereji. Limesimama juu ya magogo ya mwaloni yaliyopigiliwa kwenye tope. Juu kabisa, chini ya paa, kuna winchi iliyochomoza nje. Mashua pana zisizo na injini zilisukumwa mpaka chini ya winchi wakati maji yamejaa, gunia likafungwa ndoano, likapanda mpaka ghorofa yake na kuvutwa ndani kupitia mlango mpana. Kuta nene za matofali zilifanya joto na unyevu visibadilikebadilike, hali iliyoifaa kahawa, kakao, chai, viungo na mazulia. Mizigo ilitunzwa na mafundi walioitwa Quartiersleute, wataalamu wa kuchomeka bambo kwenye gunia, kumimina punje chache kiganjani na kutaja daraja la kahawa.

Kontena ndilo lililoyaua maghala haya kama maghala. Sasa yana makumbusho, ofisi na wauza mazulia wachache, na tangu 2015 yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Bandari huru yenyewe, yaani lile eneo lisilo na ushuru, ilifungwa tarehe 1 Januari 2013.

Kipindupindu cha 1892 kilisababishwa na nini?

Kwa jibu la kitabibu, vimelea ndani ya maji. Kwa jibu la kihistoria, ubahili. Hamburg ilivuta maji ya kunywa kutoka mto Elbe juu kidogo ya mji bila kuyachuja, na maji taka yake ikayamwaga kwenye mto huo huo chini ya mji. Maji yakijaa, uchafu ulirudishwa juu mpaka karibu na mabomba ya kuvutia. Wenye nyumba, waliokuwa na sauti kubwa kwenye baraza la mji, walibishana kwa miaka mingi kuhusu nani atalipia vichujio.

Agosti 1892, joto kali, mto umepungua, ugonjwa ukalipuka. Wakuu walichelewa kutangaza, maana kutangaza kipindupindu ni kufunga bandari. Katika majuma machache walikufa watu wapatao 8,600. Robert Koch, daktari mtaalamu wa vimelea, alitumwa kutoka Berlin, na alichokiona kwenye vichochoro vya maskini kilimfanya aseme amesahau kwamba yuko Ulaya. Kauli hiyo hunukuliwa sana Hamburg, ingawa kwa msomaji wa Afrika ina uchungu wa aina yake.

Ushahidi ulikuwa barabarani. Altona, mji uliogusana na Hamburg nyumba kwa nyumba, ulikunywa maji ya Elbe machafu zaidi lakini yaliyochujwa, na wagonjwa wake walikuwa wachache. Mpaka wa miji ulipita katikati ya mtaa: upande huu misiba, upande ule kimya. Kulikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizokuwa upande wa Hamburg lakini zikipata maji ya bomba la Altona. Humo ugonjwa haukuingia. Mwaka uliofuata vichujio vilikuwa vimefunguliwa.

Vita vya Pili vya Dunia viliuacha mji katika hali gani?

Kuanzia usiku wa 24 Julai 1943 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliupiga mji kwa siku kumi. Usiku wa kuamkia 28 Julai, mioto iliyoungana katika mitaa ya wafanyakazi ya Hammerbrook, Hamm na Rothenburgsort ikawa dhoruba moja iliyovuta hewa kwa nguvu ya kung'oa miti. Waliokufa katika mashambulizi hayo wanakadiriwa kuwa zaidi ya 34,000. Mnara mweusi wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, wenye mita 147, uliachwa kama ulivyo kuwa ukumbusho.

Hesabu haianzii hapo. Tangu 1938 palikuwa na kambi ya mateso ya Neuengamme pembeni mwa mji, ambako wafungwa walifyatulishwa matofali kwa ajili ya majengo ya Hamburg. Kambini humo na kwenye matawi yake walikufa watu wasiopungua 42,900. Wayahudi wa mji walipakiwa kwenye treni karibu na bandari ile ile ambayo wahamiaji wa kizazi kilichotangulia waliitumia kwenda Marekani.

Mafuriko ya 1962 yalikuwa makubwa kiasi gani?

Usiku wa 16 kuamkia 17 Februari, dhoruba ilisukuma maji ya bahari mtoni, kingo zikapasuka mahali pengi, na watu 315 wakafa mjini. Wengi walikuwa Wilhelmsburg, kisiwa kilicho katikati ya mto, wakiishi kwenye vibanda vya bustani tangu vita vilipowapokonya nyumba. Helmut Schmidt, aliyesimamia polisi wa mji, aliita majeshi kusaidia bila kungoja sheria imruhusu. Baadaye akawa Kansela.

Kiswahili kina historia gani Hamburg?

Mwaka 1908 ilifunguliwa Taasisi ya Kikoloni ya kuwaandaa maafisa na wafanyabiashara, na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, akahamia huko mwaka uliofuata. Kutokana na taasisi hiyo kilizaliwa Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1919. Kiswahili bado kinafundishwa hapo, kwa malengo mengine.

Mbele ya chuo hicho ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyozinduliwa kwanza Dar es Salaam mwaka 1909. Wissmann ameinua uso, na chini yake askari Mwafrika anamtazama. Waingereza waliing'oa, ikafika London kama nyara, kisha ikarudishwa na kusimamishwa Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi waliivuta kwa kamba mwaka 1967, mji ukaisimamisha, wakaiangusha tena 1968, na haikurudishwa. Pale ilipokuwa Dar es Salaam, leo ipo Sanamu ya Askari.

Tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki. Matunda yanayoonekana zaidi ni kituo cha kugeuza taka za masoko kuwa mboji kule Mabwepande.

Nina siku moja tu Hamburg. Niende wapi?

Anzia Deichstraße, ambako kuna nyumba chache za wafanyabiashara zilizosalia, mbele zina barabara na nyuma zina mfereji. Vuka daraja uingie Speicherstadt. Kisha nenda Große Reichenstraße namba 27, jengo la Afrikahaus la mwaka 1899, lililokuwa makao ya kampuni ya Woermann: mlangoni kuna sanamu ya shaba ya shujaa wa Kiafrika, na uani ndovu wawili wamekaa kila upande wa mlango. Soma jengo hilo kama daftari la mahesabu la wenyewe. Kaburi la Bibi Salme lahitaji nusu siku peke yake, kwa kuwa Ohlsdorf ni makaburi makubwa mno, yana mpaka basi lake. Uliza ofisini langoni wakupe ramani.

Jioni usinunue tiketi ya mashua ya watalii. Pale Landungsbrücken panda kivuko namba 62 kinachokwenda Finkenwerder. Tiketi ya kawaida ya treni na basi inatosha, kinapita mbele ya gati na meli za makontena, na ukikaa sitaha ya juu vaa koti, hata mwezi wa Julai.